Kurudisha nyasi kwenye kware: maswali tunayoulizwa zaidi kuhusu mashimo ya moramu na kokoto Nairobi

Majibu haya ni ya mwenye ploti yenye shimo, ya jirani anayeishi kando ya shimo, na ya kikundi cha vijana kilichochoka kuona kware, yaani machimbo ya mawe na kokoto, ikigeuka jaa la taka. Yanahusu hasa upande wa mashariki na kusini mwa jiji: Njiru, Ruai, Mwiki, Kayole na Embakasi, na ukivuka mpaka wa kaunti, Katani, Syokimau na Mlolongo. Kama uko Limuru au Kikuyu, udongo wako ni mwekundu na mvua yako ni nyingi zaidi, kwa hiyo baadhi ya mambo hapa hayatakufaa.

Kwa nini nyasi? Serikali si inatuambia tupande miti?

Inatuambia, na mahali pengi ni sawa kabisa. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na misitu kama Karura na Ngong pamoja na vyanzo vya mito vinaihitaji. Lakini simama Ruai au Katani utazame upande wa mashariki. Hapo ndipo nyanda za Athi-Kapiti zinapoanzia, na nyanda hizo zilikuwa nyasi tangu kabla jiji halijakuwapo. Udongo wake mweusi huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake hukata mizizi ya miche mingi. Nyasi na migunga mifupi ndiyo iliyozoea vuta nikuvute hiyo.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tunaona kware nyingi zikipandwa mikaratusi, picha zikapigwa, na msimu wa pili miche imekauka au imesimama juu ya ardhi iliyo uchi, mvua ikiendelea kubeba udongo chini yake. Nyanda za nyasi si ardhi tupu inayongoja miti. Ni makao kamili, na sehemu yake kubwa iko chini ya ardhi: mizizi inayoshika udongo, inayoingiza maji ya mvua na kuhifadhi kaboni ambayo moto wala shoka haviifikii kwa urahisi. Migunga michache itakuja yenyewe. Iache.

Kuna watu wanataka kutulipa wamwage taka humu hadi shimo lijae. Si ndiyo njia ya haraka?

Ni ya haraka kwa anayemwaga. Jaa la Dandora nalo lilikuwa shimo la machimbo. Taka zilianza kumwagwa hapo mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kuingia. Watu wa Dandora na Korogocho bado wanavuta moshi wake.

Taka za nyumbani zikifukiwa huoza na kutoa gesi inayoshika moto, maji machafu hupenya kwenye nyufa za mwamba kuelekea visimani na mitoni, na ardhi huzama miaka mingi baadaye. Ukiruhusu lori moja la taka, mengine hayatakuomba ruhusa. Kifusi safi cha ujenzi ni jambo jingine: mawe, matofali na zege iliyovunjwa vinafaa kujazia chini, mradi vishindiliwe tabaka baada ya tabaka, na mtu mnayemwamini asimame langoni kukagua kila lori. Plastiki, oili chafu, betri, taka za hospitali na mabati ya asbesto yasipite hata kama dereva ameapa kuwa ni kidogo tu.

Nani anapaswa kulipia kazi hii?

Aliyechimba. Sheria ya Madini ya 2016 inahesabu mawe na kokoto za ujenzi kuwa madini, na mchimbaji mwenye leseni anatakiwa awe na mpango wa kufunga na kurejesha eneo. Sheria ya mazingira ya 1999, ile EMCA, inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kumtaka mwenye makosa arudishe ardhi katika hali nzuri. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakwenda mbali zaidi: unaweza kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara au jeraha. Majirani wengi hawalijui hili, na ni silaha kubwa.

Ugumu ni kwamba mashimo mengi ya Nairobi ni ya zamani, aliyechimba ameshahama au amefariki, na ploti imeuzwa mara kadhaa. Hapo mzigo humwangukia mwenye hati. Kabla ya kuweka pesa yoyote, fanya upekuzi wa hati ya ardhi, mjue shimo ni la nani. Kikundi kinachopanda nyasi kwenye ploti ya mtu bila makubaliano ya maandishi kinamsafishia mwenye ploti mahali pa kujenga.

Tunahitaji ruhusa gani?

Ongea na chifu na mwakilishi wa wadi mapema, si kwa sababu wao ndio wanaotoa leseni, bali kwa sababu watasikia habari za tingatinga kabla hujamaliza kulishusha. Halafu nenda NEMA na kaunti ueleze unachotaka kufanya. Kusogeza udongo mwingi au kujaza shimo huenda kukahitaji ripoti ya athari kwa mazingira iliyoandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Kama shimo lina maji na mnataka kuyapiga pampu hadi mtoni, zungumzeni na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwanza.

Kazi yenyewe inaanzia wapi?

Inaanzia ukingoni, na inaanza na uhai wa watoto. Kila msimu wa mvua maji hutuama kwenye kware, na watoto huingia kuogelea wasijue kwamba hatua mbili kutoka ukingoni kina ni cha kumeza mtu mzima. Weka ua wa miiba au seng'enge na bango kabla ya kitu kingine chochote, na uwape kazi ya ulinzi vijana wa hapo hapo mtaani.

Kisha kata kuta zilaze. Ukuta uliosimama wima utabomoka tu, na hakuna nyasi itakayoota juu yake. Kipimo tunachopendekeza ni mita 3 za kwenda mbali kwa kila mita 1 ya kupanda. Mtu aweze kushuka bila kushika kitu, na ng'ombe vilevile. Shimo la moramu lenye kina cha mita 3 au 4 hulazwa kwa tingatinga bila shida kubwa. Kware ya mawe ya kujengea yenye kina cha ghorofa kadhaa haiwezi kulazwa yote. Hiyo inahitaji mhandisi, na huenda ukuta mmoja ubaki na uzio wa kudumu.

Juu ya ukingo chimba mtaro wa kukinga maji ili mvua ya nje isimiminike ndani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha wakazi wa Nairobi maji yanavyoweza kufanya yakikosa njia.

Udongo wa juu tutautoa wapi? Umeshauzwa zamani.

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndipo kazi nyingi hufa. Kama uchimbaji bado unaendelea, jibu ni rahisi na la bei nafuu: mchimbaji akwangue sentimita 15 hadi 30 za juu, aziweke kando peke yake, asizichanganye na udongo wa chini. Lundo lisizidi mita 2 kwenda juu, lori lisipande juu yake, na litumike mapema iwezekanavyo. Ndani ya udongo huo mna mbegu, mizizi, kuvu na wadudu ambao hakuna duka linalowauza, na lundo likikaa muda mrefu wanakufa kwa kukosa hewa.

Kama shimo ni la zamani, angalia malori yanayopita barabarani. Kila anayejenga Syokimau, Embakasi au Kitengela huanza kwa kuondoa udongo mweusi, kwa sababu huvimba na kupasua nyumba. Huuchimba hadi afike kwenye moramu au mwamba, kisha hulipa lori liuchukue likautupe mahali. Huo udongo anaoukimbia ndio tunaoutafuta! Ardhi ya nyanda hizi inatupwa kandokando ya barabara kila siku, ilhali mashimo ya nyanda hizi hizi yamekaa uchi.

Lakini uchague. Lori lililobeba udongo wa kina cha mita 1 halina mbegu hata moja, ni mfinyanzi mtupu. Mwombe mwenye mjengo akupigie simu siku ya kwanza ya kukwangua, kabla msingi haujachimbwa, akupe tabaka la juu peke yake. Utalitambua: ni jeusi zaidi, linavunjikavunjika mkononi, na limejaa mizizi myembamba ya nyasi. Chukua konzi moja uivunje. Ukikuta mizizi na nyungunyungu, lipa hata nauli ya lori. Ukikuta bonge linalong'aa mahali kisu kilipopita, hilo litandazwe chini, si juu. Kagua pia ploti lilikotoka. Kama ilijaa magugu ya Parthenium, kataa hata ukipewa bure.

Usiusogeze udongo mweusi ukiwa umelowa. Utanata kwenye buti na kwenye magurudumu, na ukikauka utakuwa mgumu mno. Fanya kazi ya udongo Januari na Februari, au Julai hadi Septemba.

Sakafu ya shimo ni ngumu ajabu. Tumwage udongo juu yake moja kwa moja?

Hapana. Malori yameikanyaga kwa miaka, na maji yatatuama kati ya udongo na sakafu kisha udongo uteleze. Pasua kwanza kwa meno ya tingatinga, sentimita 30 hadi 60 pale inapowezekana, ukienda sambamba na mkingamo wa mteremko, usishuke nao. Pale palipo mwamba mtupu, paache. Udongo usiwe na kina kimoja kila mahali. Sehemu nyembamba zitaota mimea mifupi na mishubiri, sehemu nene zitaota nyasi ndefu, na mijusi itahitaji mawe ya kuota jua. Kulainisha kila kitu kama uwanja wa mpira ni pesa za dizeli zilizopotea bure.

Tupande nyasi gani?

Mfalme wa nyanda hizi ni Themeda triandra, ile nyasi ambayo ikikomaa hugeuka rangi ya kutu na kuufanya uwanda mzima uonekane mwekundu. Mbegu yake inashangaza. Ina mkia mrefu mweusi uliopinda kama kiwiko. Iweke kiganjani, uidondoshee maji, na utaona mkia ukijizungusha polepole. Hivyo ndivyo inavyojisukuma kwenye ufa wa udongo mvua ya kwanza inapoigusa.

Tatizo ni kwamba si ya haraka. Mbegu mbichi hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, na nyingi ni makapi matupu. Bonyeza kati ya vidole: iliyo na kitu ndani ni ngumu. Ndiyo maana hatuitegemei peke yake. Mwaka wa kwanza tunachanganya na zinazoota upesi na kushika udongo, kama Eragrostis superba, Cenchrus ciliaris na Enteropogon macrostachyus. Zote ni za kwetu na zimefanyiwa utafiti katika kituo cha Kiboko, Makueni, cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Kwenye miteremko tunapandikiza vipande vya Cynodon, nyasi inayotambaa na kufunga ardhi haraka.

Nyasi ya Boma Rhodes inauzwa kila mahali na inafaa sana kwa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Kwa kurudisha nyanda, itumie kidogo au usiitumie kabisa, kwa sababu ikishiba inazibana nyingine.

Njia tunayoipenda kuliko zote haihitaji kununua mbegu. Tafuta mahali nyasi za asili bado zimesimama: ploti isiyojengwa, au uwanja wa shule au kanisa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Zikate mbegu zikiwa zimekomaa na kabla hazijadondoka, uzisafirishe siku hiyo hiyo na uzitandaze juu ya udongo ulioandaliwa. Unapata mbegu za aina nyingi kwa mkupuo, na matandazo yanayozuia jua na matone ya mvua. Usiingie mbuga ya taifa kukata nyasi, ni kosa.

Tupande lini?

Kabla tu ya mvua: katikati ya Machi kwa masika, au mwanzoni mwa Oktoba kwa vuli. Mbegu ya nyasi isifukiwe kwa kina kinachozidi sentimita 1 au 2. Kuikwaruza kwa tawi la miiba kunatosha. Kwenye miteremko chimba vibwawa vya nusu mwezi, kama wafugaji wa Kajiado wanavyofanya, maji yasimame humo badala ya kukimbia na mbegu zako.

Tuweke mbolea kiasi gani?

Kidogo sana. Samadi iliyooza vizuri itawanywe pale tu ambapo udongo ni wa chini na hauna uhai. Nyasi za asili zimezoea njaa, magugu ndiyo yanayopenda karamu. Mbolea ya dukani acha kabisa.

Magugu yameota kuliko nyasi. Tumeshindwa?

La hasha. Mwaka wa kwanza shimo lote linaweza kuonekana kama shamba la mtu mvivu, na majirani watasema. Mengi ya magugu hayo ni ya msimu mmoja, yanatia kivuli miche ya nyasi kisha yanaondoka.

Parthenium ndiyo usiyoivumilia. Ina maua madogo meupe na majani yanayofanana na ya karoti, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Utomvu na vumbi lake huwasha ngozi na kuleta mafua ya mzio, kwa hiyo vaa glavu na mikono mirefu. Ing'oe na mizizi kabla haijachanua. Ukipita kila wiki wakati wa mvua, misimu miwili ya kwanza, nyasi zitakapofunga ardhi hazitaipa nafasi. Vichaka vamizi kama mathenge na lantana ving'olewe vikiwa bado vidogo.

Shimo lina maji. Tuyaondoe yote? Mbu je?

Si lazima. Sehemu kubwa ya Nairobi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na malaria si tishio kubwa kama ilivyo pwani au kando ya ziwa, lakini hakuna anayetaka kulala na mbu. Mbu hupenda maji yaliyotuama yenye uchafu, makopo na matairi. Kidimbwi cha kina kifupi chenye kingo zilizolala, majani pembeni na maji yanayokauka kiangazi huvutia kereng'ende, vyura na ndege, na hao hula viluwiluwi vya mbu. Kinachoua watoto ni kina na ukuta wima, hivyo ondoa hivyo viwili. Watu wasioge wala kuchota maji hayo.

Mbuzi na ng'ombe waruhusiwe?

Si mwaka wa kwanza, na ikiwezekana hata wa pili wasiingie. Mche wa nyasi ambao haujashika mizizi hung'olewa mzima na ulimi wa ng'ombe. Kiangazi kikikaza, wafugaji huleta mifugo hadi ndani ya jiji, na uzio pekee hautawazuia. Zungumzeni nao mapema, mkubaliane njia ya kupita na mahali pa maji.

Baada ya hapo ng'ombe ni rafiki, kwani Themeda isiyoliwa wala kukatwa kwa miaka mingi hujisonga kwa majani yake makavu na kufa. Iliwe kwa zamu, waingie wengi kwa muda mfupi, watoke, ardhi ipumzike. Mbuzi msiwaachie lantana, ina sumu kwa mifugo.

Nyanda za asili huungua. Tuchome?

Mjini, usichome. Kuna nyumba za mabati, nyaya za umeme na mapafu ya watoto. Fyeka mara moja kwa mwaka mbegu zikishadondoka, na uondoe nyasi zilizokatwa. Fyekeni pia ukanda mpana kando ya uzio kabla ya kila kiangazi, maana sigara ya mpita njia haihitaji ruhusa yenu.

Tusifanye kama Haller Park ya Mombasa?

Ari ile tunaihitaji, mimea ile hapana. Rene Haller alianza mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, juu ya mwamba wa matumbawe uliokuwa mweupe na mtupu. Mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali, lakini majani yake hayakuoza, hadi alipoleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Hilo ndilo la kujifunza kwake: alitafuta kwanza ni nani atakayetengeneza udongo. Kwetu mafundi hao ni mchwa na wale dundu wanaobingirisha mavi ya ng'ombe. Ukiona kichuguu cha kwanza kwenye sakafu ya kware, usikibomoe.

Wanyama watarudi?

Wadogo, ndiyo: panzi, vinyonga, panya wa nyasi, na ndege wanaowafuata. Kama kuna ukuta mfupi wa udongo laini ambao si hatari, uache wima, keremkerem huchimba viota humo. Nyumbu waliokuwa wakitembea kati ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na nyanda za Athi-Kapiti wamefungiwa njia na ploti na seng'enge, na shimo moja lililopona halitawarudisha. Ila mbuga hiyo ya mwaka 1946 ina kilomita za mraba 117 tu, na kila kipande cha nyasi nje ya ua wake kina thamani.

Inachukua muda gani?

Msimu mmoja uone kijani, na miaka mitatu hivi nyasi za kudumu zishike. Udongo wenyewe utachukua miongo.

Baadaye naweza kujenga hapo?

Ardhi iliyojazwa haina nguvu ya ardhi iliyokaa yenyewe, hata ikishindiliwa. Tumeona ploti zilizokuwa kware zikiuzwa kwa watu wasioambiwa, na nyufa zikaja na mvua ya pili. Kama unanunua ploti upande huu na bei inakushangaza kwa urahisi wake, waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini, kisha lete mtaalamu apime udongo kabla ya kulipa.

Vijana waliokuwa wakiponda kokoto hapa watakula nini?

Wawe wa kwanza kuajiriwa, wanalijua shimo kuliko mhandisi yeyote. Kazi ya kusawazisha, uzio, kung'oa magugu na ulinzi ni mishahara ya miaka miwili au mitatu. Nyasi zikishashika, kuna marobota ya kuuzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kila kiangazi, na kuna mbegu. Mbegu safi za nyasi za asili hazipatikani kwa wingi sokoni, na kware inayofuata itazihitaji. Andikeni mapema kwenye makubaliano na mwenye ardhi kwamba mavuno hayo ni ya kikundi, na kwa miaka mingapi.